Damu ya Mdomoni Isiyokata: Ni Meno, au Ni Damu Yenyewe?

Fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameteleza kwenye baraza huko Mji Mkongwe, akajigonga mdomo. Kikanda cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimechanika kidogo. Kwa watoto wengi, ukibana kwa kitambaa safi dakika kumi, damu inakata. Kwa huyu inakata, halafu usiku inaanza tena. Asubuhi mto umelowa. "Jino linaota hilo," anasema bibi. Je, ni jino kweli?

Mdomoni ni mahali pagumu kwa damu kuganda. Mate yana vitu vinavyoyeyusha damu iliyoganda, na ulimi nao hautulii. Mwenye damu isiyo na tatizo hata hajui kuna vikwazo hivyo. Mwenye kasoro hukwama hapo mapema, pengine kabla dalili nyingine hazijaonekana.

Damu hugandaje? Kwanza, chembe sahani hukimbilia kuziba tundu, zikishikizwa na protini iliyo kama gundi. Kisha protini nyingine husuka nyuzi za kuimarisha kizibo. Chembe sahani zikipungua, kwa mfano kwa saratani ya damu, fizi huweza kuvuja. Gundi ikipungua, huo ni ugonjwa wa von Willebrand, wa kike na wa kiume. Ikipungua protini ya kuganda namba 8 au 9, ni himofilia, inayowapata zaidi wavulana.

Na huo wa von Willebrand ulijulikana kutoka visiwani, kama kwetu. Mwaka 1924, daktari Erik von Willebrand wa Helsinki alimwona binti wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland. Alipokuwa na miaka mitatu alichanika mdomo, akavuja damu siku tatu. Daktari hakuishia kwake, aliuliza habari za ukoo mzima, na mwaka 1926 akachapisha alichokiona. Binti huyo alifariki akiwa na miaka 13, kwenye hedhi yake ya nne.

Basi nawe uliza nyumbani: nani alivuja sana alipotahiriwa au alipong'olewa jino? Nani hedhi yake humlaza kitandani? Lakini jibu la "hakuna" lisikutulize moja kwa moja, kwani karibu theluthi ya wagonjwa wa himofilia hawana historia hiyo katika ukoo.

Ukifika hospitali, iwe Mnazi Mmoja au kwingine, eleza damu ilivuja kwa muda gani na mara ngapi. Hapa wengi huteleza: kipimo cha picha kamili ya damu huhesabu chembe sahani, lakini hakipimi gundi wala protini namba 8 na 9. Kikirudi sawa na mtoto bado anavuja, omba vipimo vya kuganda kwa damu. Muhimbili, Dar es Salaam, wanahudumia wagonjwa wa himofilia.

Kabla majibu hayajapatikana, usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Tohara na kung'oa jino visubiri, na kimeo kisikatwe kabisa. Na ukiona michubuko isiyo na sababu, weupe wa viganja, homa au kiungo kilichovimba, mpeleke siku hiyohiyo.

Huenda bibi yuko sahihi, ni jino tu. Lakini damu iliyorudi usiku inastahili kupimwa.