Istilahi na Hatari: Kusakinisha Toleo Linaloundwa la Debian
Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, hakuna shaka kwamba programu huria zaweza kuzungumza Kiswahili. Shida ni tafsiri sisisi. "Toleo la maendeleo" lamwahidi mwalimu wa Ngombezi, Korogwe, toleo bora. Akilisakinisha katika kompyuta yake pekee, mitihani yake imo hatarini. Tawi hilo la Debian, liitwalo sid, hupokea programu zisizojaribiwa vya kutosha. Sasisho moja laweza kuizuia kompyuta isiwake. Hivyo hunakiliwa mafaili kwanza, husakinishwa toleo thabiti katika sehemu yake ya diski, ndipo anwani ya hazina ya programu huelekezwa sid. Tunapendekeza "toleo linaloundwa": halivutii, lakini latahadharisha.