PASIPOTI TABORA: ADA INAFAHAMIKA, KAZI IKO KWENYE MAKARATASI YA WAZAZI

Mfanyabiashara wa Tabora anayetaka kufuata mali Dubai, Guangzhou au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hulipa Sh. 150,000/= kupata pasipoti ya kawaida. Ada hiyo ilianza kutumika baada ya pasipoti ya kielektroniki kuzinduliwa Januari 31, 2018, na pasipoti yenyewe hudumu miaka 10. Ukigawanya, ni Sh. 15,000/= kwa mwaka, au Sh. 1,250/= kwa mwezi. Hakuna leseni wala ushuru wa soko unaofanana na bei hiyo kwa urahisi.

Pamoja na hayo, wapo wafanyabiashara wengi wenye mtaji wa kutosha ambao hupoteza safari nzima kwa kukosa kitabu hicho. Tatizo lao si ada. Ni makaratasi yanayotakiwa nyuma yake, ambayo mengi yanahusu watu waliozaliwa kabla mfanyabiashara mwenyewe hajawa na akili ya biashara: baba na mama yake.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Mwombaji hujaza fomu kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, hupewa kumbukumbu namba ya malipo, huchapisha fomu na kufika mwenyewe ofisini na viambatisho vyake, ambako huchukuliwa picha na alama za vidole. Viambatisho vikuu ni cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo kinachothibitisha kuzaliwa kwa mzazi huyo, kitambulisho cha Taifa na uthibitisho wa safari au shughuli. Kwa mfanyabiashara, leseni hai na namba ya mlipakodi ndiyo makaratasi yanayoeleza shughuli yake vizuri zaidi. Anayehuisha pasipoti iliyokwisha hurudisha ile ya zamani. Anayeomba kwa mara ya kwanza ndiye mwenye kibarua.

Kwa mkoa kama Tabora, kiambatisho cha mzazi si jambo dogo. Mji huu ulikuzwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi, wafanyabiashara wa Kiarabu, Wamanyema kutoka Kongo na watu wa makabila mengi waliishia hapa, wakaoa, wakajenga. Wajukuu wao ni wenyeji, lakini babu hakuacha karatasi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, watu wakazidi kuja.

Baadaye wakaja wakimbizi. Warundi waliokimbia mauaji kwao mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu mkoani hapa, na wengine Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa uraia wa tajnisi, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Hao wana cheti kinachojieleza chenyewe mbele ya ofisa. Kinyume chake, Mnyamwezi wa Sikonge ambaye mama yake alizaliwa kijijini na kukunjiwa nguo na mkunga wa jadi hana chochote cha kuonyesha zaidi ya ushuhuda wa majirani. Katika mkoa wenye historia hiyo, si ajabu maswali kuhusu asili ya wazazi yakawa mengi, na asiyejiandaa akarudishwa mara mbili au tatu.

Sababu ya kisheria nayo ipo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, kuzaliwa nchini peke yake hakukutosha kumfanya mtu raia moja kwa moja. Ilitakiwa pia mzazi wake mmoja awe amezaliwa nchini. Sheria ya Uraia inayotumika sasa, ya mwaka 1995, nayo inaangalia uraia wa wazazi. Ndiyo maana karatasi ya baba au mama inaulizwa hata pale ambapo mwombaji ana cheti chake mkononi.

Hapa ndipo hesabu ya biashara inapoingia. Chukua mfano wa mwenye duka la vitenge na vipodozi aliyekopa Sh. milioni 10 kwa riba ya asilimia mbili kwa mwezi, akitegemea kuungana na wenzake kujaza kontena. Fedha ikiingia, anagundua hana cheti cha mama. Kila mwezi wa kungojea unamgharimu riba ya Sh. 200,000/=, kiasi kinachozidi ada yote ya pasipoti. Miezi mitatu ni Sh. 600,000/=, na kontena limekwisha ondoka bila mzigo wake. Kwa hesabu hiyo, aliyeshughulikia karatasi za mama mwaka mmoja kabla ya kukopa amepata faida kabla hajauza doti moja.

Kosa la pili ni la majina, na linawakumba hata waliosoma. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Shabani, kitambulisho cha Taifa kinasema Shaaban, na namba ya mlipakodi ina majina mawili badala ya matatu. Mwingine alitumia jina la babu shuleni na la ukoo kwenye leseni. Sokoni hakuna anayejali, kwa sababu mteja anamjua muuzaji kwa sura. Kwenye maombi ya pasipoti, hao ni watu wawili hadi ithibitishwe vinginevyo, na kusahihisha kunahitaji kiapo mbele ya wakili au hakimu, na wakati mwingine hati ya kubadili jina. Tarehe nazo ziangaliwe. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikipishana na cheti, tofauti inaonekana bila kufungua jalada.

Kwa mzazi asiye na cheti, njia ya kawaida ni kumsajili kwa kuchelewa kupitia RITA, wakala wa Serikali unaoshughulikia vizazi na vifo, kwa ofisi zake za wilaya. Vinavyosaidia ni vile vilivyoandikwa zamani: cheti cha ubatizo kutoka daftari la parokia, cheti cha shule, kadi ya kliniki, pamoja na barua ya mtendaji. Familia za Kikatoliki zilizokaa karibu na misheni kongwe kama Ndala zina bahati katika hili, kwa kuwa mapadri waliandika. Mzazi akiwa hai na ana kumbukumbu zake, kazi ni nyepesi. Akishafariki, hata kijiji alichozaliwa hubishaniwa na ndugu.

Ucheleweshaji huo ndio unaowanenepesha vishoka, watu wanaojitolea kumkamilishia mwombaji kila kitu kwa malipo yao ya pembeni. Njia ya misafara ilikuwa na jina la malipo ya namna hiyo. Watawala wa Ugogo na kwingineko waliwatoza wasafiri hongo ya nguo, shanga na waya ili wapite na kupata maji. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa halali, iliyojadiliwa hadharani na kupigiwa ngoma ikishalipwa. Leo neno hilo hilo ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji. Ada ya pasipoti hulipwa kwa kumbukumbu namba, benki au kwa simu, hivyo anayetaka fedha taslimu mkononi hakusanyi ada ya Serikali.

Karatasi nayo si ngeni katika njia hii. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuwa na barua za utambulisho kutoka Zanzibar, na Waarabu wa hapa waliwapokea kwa barua hizo. Lakini mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji, barua ya Sultani haikumfungulia mtu. Henry Stanley ilibidi azunguke kusini.

Kwa wanaofanya biashara ya jirani tu, ipo hati ya dharura ya safari. Ni ya muda mfupi na kwa nchi za karibu, inafaa kwa safari ya ghafla ya Bujumbura, lakini si ya kujengea biashara ya Dubai. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo lililoamsha matumaini kwa wanaopeleka mali Kalemie kupitia Kigoma. Kujiunga huko hakukuondoa haja ya hati ya kusafiria wala ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwishoni mwa mwaka huo huo ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506. Mizigo ikiongezeka, wenye mizigo nao watasafiri.

Waliokwisha pata pasipoti wasilale. Dubai na China hutaka pasipoti yenye angalau miezi sita ya uhai, hivyo miaka 10 ya kitabu si miaka 10 ya biashara. Iliyotolewa Februari 2018 inaandikwa mwisho wake Februari 2028, lakini kwa anayefuata mali huko, mwisho halisi ni Agosti 2027, na mzigo wa msimu wa Desemba huagizwa kabla ya hapo.