Mkongojo wa Scrooge na Kitufe cha Kurudi Nyuma

Muhula uliopita nilimaliza DuckTales jioni moja, nikatamba chumba kizima. Rumeti wangu hakubisha. Alisema tu, "Haya mzee, cheza tena, ila usiguse kitufe cha kurudi nyuma." Sikutoka hata Amazon.

Kwa wasioijua, DuckTales ni gemu ya Capcom ya mwaka 1989, iliyotengenezwa kwa ajili ya Nintendo ya zamani, ile ya kaseti. Imetokana na katuni ya Disney iliyoanza 1987. Unamcheza Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili, mwenye kofia ndefu na mkongojo. Anasaka hazina 5: Amazon, Transylvania, migodi ya Afrika, Himalaya na Mwezini. Unaanza popote upendapo, lakini ukifika migodini bila ufunguo ulioko Transylvania, imekula kwako: mlango haufunguki.

Siri yote iko kwenye mkongojo. Unaruka, kisha ukiwa hewani unabonyeza chini pamoja na kitufe cha B. Hapo mkongojo unakuwa kama springi, na Scrooge anadunda juu yake. Akimdundia adui kichwani, adui kwisha. Akidunda kwenye miiba, haumii. Ila ukiachia kitufe mapema kidogo tu, anatua kwa miguu na maumivu ni yako.

Waliotengeneza gemu hii hawakurundika silaha. Walibadilisha ardhi. Kule Himalaya, ukidunda kwenye theluji laini mkongojo unanasa, unabaki umesimama kama mlingoti huku adui anakuja. Yaani kile kilichokuokoa Amazon ndicho kinachokuponza hapa. Kukariri hakutoshi, lazima ujue kwa nini unadunda.

Zamani hapakuwa na kuhifadhi ulipofikia. Maisha yakiisha, unaanza upya. Mwaka 2017 Capcom walitoa mkusanyo wa gemu 6 za aina hii, The Disney Afternoon Collection, wakaongeza uwezo wa kurudisha muda nyuma. Ukikosea, unarudi sekunde chache na kujaribu tena. Ndio tulionao kwenye laptop yetu, na ndivyo nilivyo"maliza".

Sasa tuseme ukweli: huko ni kudesa. Nilifika mwisho, lakini vidole vyangu havikujifunza kitu. Na wiki ileile matokeo yalitoka, nikakuta nina sapu. Somo lenyewe nililisoma kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita. Mwalimu alibadilisha swali kidogo tu, nikanasa kama mkongojo kwenye theluji.

Sisemi kitufe kile ni kibaya. Sasa nakitumia kufanyia mazoezi: narudi nyuma kuangalia nilikosea wapi, kisha naanza mwanzo bila kukigusa. Vivyo hivyo na madesa. Nayafungua baada ya kulihangaikia swali mwenyewe, si kabla.

Mpaka naandika haya, nimefika Himalaya kihalali na maisha mawili mkononi. Sapu ni wiki ijayo. Ukipita koridoni usiku ukasikia mtu anapiga kelele, usiite mlinzi. Ni mimi, nimenasa tena kwenye theluji.