Mazoezi ya Nguvu Huwasaidia Wazee Kuendelea Kujitegemea

Uwezo wa mzee kuinuka kwenye kigoda, kupanda ngazi au kutumia choo cha kuchuchumaa hutegemea zaidi misuli ya mapaja na nyonga. Misuli hiyo ikidhoofika, mzee huhitaji mtu wa kumwinua, na hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga huongezeka. Desturi ya kumpumzisha mzee kwa kila kazi, ijapokuwa ni ya heshima, huharakisha udhaifu huo.

Umri mkubwa hauzuii nguvu kurejea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 nchini Marekani ulihusisha wakazi 10 wa makao ya wazee jijini Boston, wenye umri wa takriban miaka 90. Waliokamilisha wiki 8 za kunyanyua uzito kwa miguu, chini ya uangalizi, waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia mkongojo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wa mwaka 2020, linawashauri wenye umri wa miaka 65 na kuendelea kufanya mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba angalau siku 3 kwa wiki. Kutembea pekee hakutoshi.

Nyumbani, kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha kuanzia: mzee huketi na kusimama polepole bila kubana pumzi, akijishikilia mwanzoni, kisha akipunguza msaada wa mikono kadiri anavyopata nguvu. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuanguka amwone kwanza mtoa huduma za afya.