Rekodi za Soka la Mwanza: Kutoka Nyamagana ya 1974 Hadi Kurudi kwa Lindanda

Anayetafuta mechi kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa Mwanza asiende Uwanja wa CCM Kirumba. Aende Nyamagana, uwanja mdogo wa katikati ya jiji. Hapo ndipo Agosti 10, 1974 Yanga na Simba walipokutana kuamua bingwa wa Tanzania. Adam Sabu aliitanguliza Simba dakika ya 16, na bao hilo likakaa, likakaa, mpaka dakika ya 87 Gibson Sembuli aliposawazisha. Dakika ya 97, ndani ya muda wa nyongeza, Sunday Manara akafunga la pili. Hadi leo mzee wa Yanga akianza kusimulia habari za watani wa jadi, hachelewi kufika Nyamagana.

Ila siku ile Mwanza ilikuwa mwenyeji tu. Sherehe ilikuwa ya watu wa Dar es Salaam. Ushindi mnono kuliko wote wa wana Mwanza wenyewe ni wa Pamba, timu iliyobeba jina la zao lililowalisha na kuwasomesha Wasukuma wengi. Mashabiki waliiita Tout Puissant Lindanda, Wana Kawekamo. Mwaka 1990, katika Kombe la Washindi Afrika, iliichapa Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 katika mechi moja na 5-0 katika nyingine. Jumla 17-1!

Hata hivyo, kwangu rekodi kubwa ya Pamba si hiyo. Mabao 12 unaweza kuyapata ukikutana na mnyonge. Taji la Ligi ya Muungano la mwaka huohuo wa 1990 lilitafutwa mbele ya vigogo wa Bara na Zanzibar, na hakuna timu nyingine ya Mwanza iliyowahi kulibeba. Pamba ile ya akina George Masatu, Fumo Felician na Khalfan Ngassa ilikuwa timu ya kuogopwa kweli. Khalfan naye akatuachia Mrisho, mwanawe, aliyeifungia Taifa Stars mabao 25.

Timu nyingine ya Mwanza iliyokaribia taji ni Mbao FC. Mwaka 2017 iliitoa Yanga 1-0 pale Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Dodoma kukutana na Simba Mei 27. Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Ilikuwa 1-1, watu wanajiandaa kwa matuta, ndipo Shiza Kichuya akafunga penalti ya mwisho mwisho. Mbao hawakustahili kuumia namna ile.

Lakini timu ninayoipenda zaidi katika orodha hii haina kombe. Ni Alliance, timu iliyozaliwa shuleni, kwenye shule za Alliance za Mahina. Hakuna shule ya Mwanza iliyofika mbali kuliko hapo: ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na msimu wa 2018/19 ikacheza mechi 38 katika ligi ya timu 20, ikabaki. Msimu huohuo ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, na Yanga ilihitaji matuta kuitoa, Kirumba hapohapo. Vijana waliolelewa pamoja, darasani na uwanjani, wakiinyima usingizi klabu iliyoanzishwa 1935.

Msimu uliofuata ndio mchungu kuliko yote. Alliance ilishuka moja kwa moja, na Mbao ikafuata baada ya kushindwa na Ihefu katika mchujo. Jiji likapoteza timu mbili kwa mpigo. Gwambina ya Misungwi, mkoani Mwanza humohumo, ilipanda, ikadumu msimu mmoja tu.

Jiji likabaki kusubiri, na katika kusubiri pia Pamba ndiyo yenye rekodi: zaidi ya miaka 20 nje ya Ligi Kuu. Aprili 2024, sasa ikiitwa Pamba Jiji, iliifunga Mbuni 3-1 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, ikapanda. Agosti mwaka huo Mwanza ilikuwa tena na timu yake ya Ligi Kuu pale Kirumba.