Rwenzori: ramani ya 1906 inayoonyesha theluji tuliyoipoteza

Wakaaji wa Mutwanga, wilaya ya Beni, wanaujua mchezo wa Rwenzori: asubuhi theluji inaonekana kwa dakika chache, kisha mawingu yanafunika mlima siku nzima.

Mawingu hayo yaliwadanganya hata wapelelezi kutoka Ulaya. Stanley alipita karibu mwaka 1876 bila kuona theluji. Aliiona 1888, safari nyingine.

Ramani ya kuaminika ilikuja 1906. Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alipanda kutoka upande wa Uganda pamoja na mamia ya wapagazi. Kwenye baridi kali ya juu, mizigo ilibebwa na Wakonzo, wenyeji wa mlima na ndugu wa Wanande wa kwetu. Kambi yao ilikuwa chini ya mwamba wa Bujongolo. Kutoka vileleni walipima pembe na mgandamizo wa hewa, huku Vittorio Sella akipiga picha.

Tarehe 18 Juni walifika kilele kirefu kuliko vyote, wakakiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Walihesabu urefu wa mita 5,125. Leo unatajwa kuwa 5,109: tofauti ya mita 16 tu.

Kilele hicho kiligeuka haraka kuwa jambo la serikali. Mkataba wa 1894 ulikuwa umeweka mpaka kwenye mstari wa digrii 30 mashariki, mstari usioonekana popote ardhini. Mwaka 1910, Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana mpaka upitie Margherita. Wakonzo na Wanande, wenye lugha moja, wakajikuta chini ya bendera mbili.

Leo ramani hiyo ina kazi nyingine. Kwa kuilinganisha na picha za satelaiti, wataalamu wanaona barafu iliyokuwa karibu kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 imebaki chini ya 1 mwaka 2003. Joto la dunia linatajwa kuwa sababu kubwa.

Mito inayoshuka kuelekea Semliki haitakauka kwa sababu hiyo pekee, maana maji yake mengi yanatokana na mvua ya msituni. Lakini kwa Kikonzo na Kinande, mlima huu ni Rwenzururu, mahali pa theluji. Watoto wa Mutwanga wanaweza kulirithi jina hilo na ile ramani ya zamani, bila theluji yenyewe.