Kusikiliza Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

Wasomaji wetu, siku hizi vyauzwa vyombo vidogo vya umeme ambavyo kwavyo mwenye mimba aweza kujisikilizia moyo wa mtoto wake nyumbani, pasipo kumwendea mkunga. Chombo chenyewe hushikwa kwa mkono mmoja, na sauti yake hutoka kama ya redio. Mtu wa Kyimo aweza kukiagiza kwa simu, kikaletwa kwa basi litokalo Mbeya kwenda Tukuyu. Kwa kuwa jambo hili lagusa uhai wa watoto wetu, tumeona yafaa tueleze vyombo hivi hufanyaje kazi, vyaweza kutuambia nini, na ni neno gani visiloweza kutuambia hata kidogo.

Moyo wa mtoto huanza kupiga mapema sana, karibu na juma la 6 la mimba, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Lakini kwa muda mrefu waganga hawakuwa na njia ya hakika ya kuusikia. Mwaka 1816, katika nchi ya Ufaransa, daktari mmoja jina lake Laennec alibuni chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Mwaka 1821 daktari mwingine wa nchi hiyo, Kergaradec, akatoa habari ya jambo jipya: alikuwa amekiweka chombo hicho juu ya tumbo la mwanamke mwenye mimba, akitaka kusikia maji ya uzazi yakicheza, na badala yake akasikia mapigo ya upesi yasiyolingana na mapigo ya mama. Huo ulikuwa moyo wa mtoto. Kisha mwaka 1895 Adolphe Pinard, naye Mfaransa, akatengeneza kipembe kifupi chenye mdomo mpana upande mmoja, ambacho mkunga hukiweka juu ya tumbo na kutega sikio upande wa pili. Kipembe hicho, kiwe cha mti au cha bati au cha plastiki, ndicho hicho ambacho akina mama wengi wamekiona kliniki. Hakitaki umeme wala betri. Chataka sikio lililofundishwa na mahali penye utulivu. Kwa kawaida mapigo hayasikiki kwacho kabla ya mimba kufika kama majuma 20.

Chombo kipya cha umeme chafanya kazi kwa njia nyingine. Mtu asimamaye kando ya barabara yetu kuu husikia honi ya lori likija kwa sauti nyembamba; lori likiisha kumpita, honi ile ile husikika nene. Sababu yake ilielezwa mwaka 1842 na mwalimu mmoja wa Austria, Christian Doppler, na kwa jina lake chombo hiki huitwa dopla. Dopla hupeleka tumboni mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Mawimbi yakigonga kitu kinachokwenda hurudi yamebadilika, na chombo huyageuza mabadiliko hayo kuwa sauti ya kusikika. Kwa hiyo chaweza kupata mapigo tangu karibu na juma la 12, mapema kuliko kipembe.

Hapo ndipo penye hatari, nayo yataka kufahamika vema. Dopla haijui moyo ni nini. Hutoa sauti kwa kila kitu kinachokwenda mbele yake: moyo wa mtoto, damu ipitayo katika kondo la nyuma, na damu iendayo katika mishipa mikubwa ya mama mwenyewe. Moyo wa mtoto hupiga kwa kawaida mara 110 hata 160 kwa dakika moja; wa mama akiwa ametulia hupiga mara 60 hata 100. Lakini mama mwenye hofu au homa moyo wake hukimbia, na mapigo yake aweza kuyadhani ni ya mtoto. Kwa sababu hiyo mkunga asikilizapo tumbo, mkono wake mwingine hushika mshipa wa mama, apate kutofautisha mapigo ya huyu na ya yule. Tena huhesabu kwa saa, muda wa dakika nzima. Mtu asiyefundishwa husikia mvumo tu, akafurahi.

Hata hivyo, na tuseme mama ameupata moyo wa mtoto hasa. Je, amejua kwamba mtoto ni mzima? Hasha. Mtu akichukuliwa na maji ya mto Kiwira wakati wa masika, moyo wake ungali ukipiga, lakini hakuna mwenye akili asimamaye ukingoni akasema, "Moyo wapiga, basi hana neno." Atatafuta kamba. Vivyo hivyo mtoto aliyepungukiwa na hewa kwa sababu kondo la nyuma limechoka, au kitovu kimebanwa, moyo wake huendelea kupiga kwa muda. Moyo huwa miongoni mwa mambo ya mwisho kunyamaza. Basi sauti ya moyo humwambia mama kwamba mtoto yu hai dakika hii; haimwambii kwamba atakuwa hai kesho.

Neno hili halikutungwa kwa kutisha watu. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mwanamke mwenye mimba ya majuma 38. Aliona mtoto amepunguza kucheza. Alikuwa na dopla yake nyumbani, akasikiliza, akasikia alichodhani ni moyo wa mtoto, akatulia. Alipofika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Hapana awezaye kusema kwa hakika kwamba kama angalikwenda mara moja mtoto angalipona. Lakini chombo kile kilimnyima nafasi ya kujaribu. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo dawa na vyombo vya uganga iliwaonya watu wasitumie vyombo hivi nyumbani pasipo kuongozwa na mtu wa uganga.

Liko na dhara la upande wa pili. Mwenye mimba changa hutafuta sauti asiipate, kwa kuwa mtoto ni mdogo au amelala upande mwingine, akakesha usiku kucha akilia, hali mtoto ni mzima. Chombo hiki chaweza kumfariji anayestahili kwenda hospitali, na kumtia hofu asiyekuwa na sababu. Na zile programu za simu zisemazo kwamba zitausikia moyo wa mtoto pasipo chombo chochote cha kupimia, hizo hazifai kutegemewa kabisa.

Huenda msomaji akauliza, "Mbona vyombo vya namna hii vyatumiwa hospitalini?" Ni kweli, hata hapa Tanzania. Kiko chombo kiitwacho Moyo, jina la Kiswahili ingawa kilitengenezwa na watu wa Norway. Chombo hicho huonyesha mapigo ya mtoto, na mama akikigusa kwa mikono huonyesha mapigo yake pia, ili mkunga asichanganye. Kilijaribiwa katika hospitali ya Muhimbili, ya Temeke na ya Haydom. Katika majaribio ya Muhimbili yaliyotangazwa mwaka 2018, wakunga wenye chombo hicho walitambua mapigo mabaya mara nyingi zaidi kuliko wenye kipembe. Lakini majaribio hayo hayakuonyesha kwamba kwa chombo peke yake watoto waliokufa walikuwa wachache zaidi. Na sababu yaweza kufahamika: kusikia si kuokoa. Baada ya kusikia huhitajiwa mkunga ajuaye la kufanya, chumba cha upasuaji, damu, na gari. Nyumbani hakuna hata kimoja cha hivyo.

Basi je, mama akiwa nyumbani hana kitu cha kumwangalia mtoto wake? Anacho, nacho hakiuzwi dukani: ni kucheza kwa mtoto mwenyewe. Wanawake wengi huanza kumsikia mtoto akicheza kati ya juma la 16 na la 24. Mwanzo ni kama kipepeo tumboni. Baadaye ni mateke na kujigeuza. Kila mtoto ana desturi yake. Huyu hucheza sana jioni mama anapopumzika, yule alfajiri. Mama hujifunza desturi ya mwanawe kama tujifunzavyo hatua za mtu wa nyumbani mwetu, hata tukamjua kabla hajabisha hodi. Dalili ya kuangaliwa ni kubadilika kwa desturi hiyo. Mtoto aliyepungukiwa na hewa mara nyingi hupunguza kucheza ili asitumie nguvu zake, na hufanya hivyo moyo wake ungali ukisikika. Kwa hiyo kucheza kwaweza kutoa habari mapema kuliko sauti.

Yako maneno mawili ya mitaani yapasayo kusahihishwa. La kwanza, kwamba mtoto hupunguza kucheza mimba inapokaribia kuzaliwa kwa kuwa nafasi imekwisha. Si kweli. Namna ya kucheza yaweza kubadilika, lakini mtoto mzima hucheza mpaka siku ya uchungu, na hata wakati wa uchungu. La pili, kwamba mtoto akinyamaza mama anywe chai yenye sukari nyingi ili amwamshe. Ni kweli mtoto hulala, mara nyingi dakika 20 hata 40, na ni nadra kupita dakika 90. Lakini chai si dawa ya mtoto aliye taabuni. Hupoteza muda tu.

Basi afanyeje? Ikiwa mimba imepita majuma 28, na mama alikuwa shambani akichuma chai au kuvuna viazi hata hana hakika kama mtoto amecheza, na alale kwa ubavu wa kushoto, aangalie kwa utulivu muda wa saa 2. Asiposikia kucheza mara 10, aende kwenye kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa ana hakika kwamba mtoto amepungua au amenyamaza, asingoje hata hizo saa 2. Na asiyesikia mtoto kucheza kabisa hata kufika juma la 24, naye aende akaeleze. Damu ikitoka, maji yakipasuka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au homa ikipanda, aende mara moja, hata kama mtoto acheza.

Twajua kwamba kusema "nenda" ni rahisi kuliko kwenda. Nchi yetu ya Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na vilima, na usiku wa masika njia za vijijini huwa matope matupu. Ndiyo maana yafaa mambo yatengenezwe mapema. Bwana wa nyumba na aweke akiba ya nauli, ajue ni nani mwenye pikipiki au gari awezaye kuamshwa usiku, na aijue njia ya kufika Igogwe au hospitali ya Makandana pale Tukuyu. Namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa pasipo malipo kutafuta usafiri wa mama aliyepatwa na shida ya uzazi. Fedha ya kununulia dopla ingetumika vema zaidi kwa nauli hiyo.

Wala kliniki isiachwe. Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka 2016 lashauri mwenye mimba aonwe mara 8 kwa uchache. Huko mkunga hausikilizi moyo tu. Hupima damu, mkojo, na ukubwa wa tumbo, akavilinganisha na vya mwezi uliopita. Na wakati wa uchungu husikiliza kila baada ya dakika 15 hata 30, na mama anaposukuma, kila baada ya dakika 5.

Akina baba na akina mama wakwe, neno la mwisho ni lenu. Mama akisema, "Mtoto wangu leo hachezi kama jana," msimwambie ana hofu ya mimba ya kwanza, wala msimwambie angoje kupambazuke. Yeye peke yake ndiye asikiaye habari hiyo, na mtoto hana mjumbe mwingine.